Makala ya afya ya akili isiyo na toleo la Kiswahili: ihesabiwe kwenye kupanda cheo?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Serikali ya Tanzania ilishatangaza tuzo ya Sh50 milioni kwa mtafiti anayechapisha kwenye majarida ya juu kabisa duniani. Sina ugomvi na hela hiyo, wahadhiri wamesota vya kutosha. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza kama yule mama aliyejibu dodoso aliwahi kujua kilichoandikwa juu yake. Hoja yangu ni hii: utafiti wa afya ya akili, makuzi ya watoto na haki za watu, ukifanywa kwa wasemaji wa Kiswahili, usihesabiwe kwenye kupanda cheo wala kulipiwa tuzo mpaka toleo fupi la Kiswahili, kurasa mbili tatu tu, liwe limefika kwenye kituo cha afya data zilikotoka.

Kwa nini afya ya akili na si udongo au samaki? Kwa sababu huku kinachopimwa ni maneno ya mtu. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha kazi ya kulithibitisha dodoso la Hopkins, la kupima dalili za sonona na wasiwasi, kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Kazi ya maana sana, kwa sababu huwezi kuchukua alama za kukatia za Boston, yaani zinazoamua nani ahesabiwe mgonjwa, ukazibandika Temeke. Lakini maswali yaliulizwa kwa Kiswahili, majibu yakatolewa kwa Kiswahili, na matokeo yakaenda kukaa kwa Kiingereza kwenye jarida la Skandinavia. Simlaumu Profesa, angechapisha wapi? Naulaumu utaratibu.

Na historia yetu kwenye hili si nzuri. Daktari wa kikoloni J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 bila ubingwa wowote wa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kinachomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikamchapishia kijitabu cha kuwachambua Mau Mau kwa saikolojia, watu ambao walikuwa wakisema wazi kwamba wanadai ardhi. Wagonjwa aliowatumia kujenga hoja zake wangembishia wapi?

Mtu wa Takwimu

Mkuu, mfano wa Carothers unakugeukia mwenyewe. Nani alimbomoa? Madaktari wa akili wawili: Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, akiandika kwa Kiingereza kwenye jarida la Waingereza, na Frantz Fanon, akiandika kwa Kifaransa mwaka 1961. Wangemjibu kwa Kiyoruba au Kiarabu, wakubwa wa Shirika la Afya kule Geneva wasingeshtuka. Uongo ulichapishwa kwa lugha ya wakubwa, ukafuatwa hukohuko.

Pili, mnalizungusha tatizo. Tatizo ni bei. Jarida la Nature lilipofungua mlango wa makala za kusomwa bure mwaka 2021, mwandishi alitakiwa kulipa Euro 9,500. Watasema kuna msamaha kwa nchi maskini. Sawa, lakini Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza Tanzania kwenye kundi la kipato cha kati cha chini. Tulishangilia! Wapo wachapishaji waliokuwa wakitoa msamaha kamili kwa nchi za kipato cha chini tu, sisi tukabaki na punguzo la nusu. Nature wenyewe walilegeza mwaka 2023, lakini nusu ya bei kama hiyo ni mishahara ya mhadhiri ya miezi kadhaa. Sasa juu ya hapo unataka umbebeshe na kazi ya kutafsiri?

Mwanafunzi wa Uzamili, Eldoret

Mimi niko na maoni tofauti kidogo. Mwaka 2021 Tom Osborn, Mkenya, akiwa mwandishi wa kwanza, alitoa kwenye JAMA Psychiatry, jarida la Marekani la magonjwa ya akili, matokeo ya Shamiri, programu ya kuwasaidia vijana kiakili: wanafunzi 413 wa sekondari, wakisaidiwa na vijana waliomaliza shule juzi tu, si madaktari. Dalili za sonona na wasiwasi zikapungua kuliko kwa wenzao waliopewa mafunzo ya mbinu za kusoma. Makala kama hiyo ikitoka kwa jarida la Marekani, wafadhili husikiza na wizara husikiza. Ikitoka kwa jarida ambalo hata maktaba yetu haina, nani atasikiza?

Na tusemeni ukweli, hao vijana husoma shuleni kwa Kiingereza na wakitoka huongea Sheng. Ukiwaandikia Kiswahili sanifu cha kurasa tatu, utakuwa umefanya ya kuonekana tu.

Jambo lingine. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Waliokwenda kortini walikuwa Tume ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili. Waliingia na Katiba na hoja za kitaalamu, zote kwa Kiingereza. Hiyo pia ni haki ya jamii, ama?

Muuguzi wa Kliniki ya Akili

Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme na mimi, maana ninyi mnazungumzia majarida, mimi nazungumzia meza yangu.

Tuna lile dodoso la maswali tisa ya sonona. Kwa Kiswahili lipo. Alama zinaanzia 0 mpaka 27, na tulifundishwa kwamba kuanzia 10 mtu apelekwe mbele. Hiyo 10 haikutoka hapa. Nikitaka kujua kwa watu wetu inafaa au haifai, jibu liko kwenye makala, na makala inataka nilipe kwa kadi ya benki. Huwa nawaomba vijana wa chuo wanitafutie. Wanaleta, kurasa kumi na mbili za Kiingereza, jedwali juu ya jedwali.

Ila kubwa zaidi ni swali la tisa, linalouliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe, au ya kujidhuru. Wenzetu wa Kenya wamefutiwa kile kifungu. Huku kwetu Tanzania kifungu kama hicho, cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, bado kipo, na watu wanakijua hata kama hawajui namba yake. Mama ananitazama usoni, ananiambia "hapana", na mimi naona kabisa hapana hiyo imetoka wapi. Naandika 0. Hiyo 0 ndiyo mnayoichukua ninyi kwenda kuichapisha kwamba kwetu tatizo ni dogo. Mtafiti angerudi na kurasa zake mbili za Kiswahili tukae naye, hilo ningemwambia kwa dakika tano. Lakini harudi. Wanaokuja mara ya pili ni wale waliokosa saini kwenye fomu za ridhaa.

Kwa hiyo, dada wa Eldoret, hayo unayoyaita ya kuonekana tu, mimi nayataka.

Mtu wa Takwimu

Hapo kwenye swali la tisa umenipata, Sista. Hilo si suala la tafsiri, ni data kuharibika tangu inapokusanywa, na hakuna hesabu ya kulitibu.

Msomaji wa Unguja

Ndugu zangu, mbona mnazungumza kama hili halijawahi kufanyika popote? Ignacio Martín-Baró, padri Mjesuiti na mwanasaikolojia, alikuwa akifundisha El Salvador wakati wa vita. Alikuwa na shahada ya udaktari ya Chicago, angeweza kuandikia Wamarekani maisha yake yote. Akaandika kwa Kihispania, sehemu kubwa kwenye jarida la chuo chake mwenyewe, na mwaka 1986 akaanzisha taasisi ya kura za maoni ili wananchi wasikie wenyewe wanafikiri nini kuhusu vita, badala ya kuambiwa na serikali. Tarehe 16 Novemba 1989 wanajeshi waliingia chuoni wakamuua, yeye na mapadri wenzake watano, na mama aliyekuwa akiwapikia pamoja na binti yake. Mtu hauawi kwa makala asizozisoma mtu.

Najua mtasema Kihispania kina nchi nyingi. Kweli. Lakini Walatini hawakukaa kusubiri, walianzisha SciELO huko Brazil mwishoni mwa miaka ya tisini, maktaba ya mtandaoni ya majarida yao wenyewe, ya kusomwa bure. Sisi tuna AJOL tangu 1998, tovuti yenye majarida zaidi ya 500 ya Afrika, na mhadhiri akichapisha humo mwenzake anamuuliza: umekosa pa kupeleka?

Mwanzisha mada

Nimewasikia. Mwanafunzi wa Eldoret, sijasema watu waache JAMA. Wapeleke hukohuko, wapate na tuzo, hata mimi nikiipata sitaikataa. Nasema kabla hela haijaingia benki, kuwe na karatasi yenye saini ya mganga mfawidhi kwamba matokeo yameletwa na yamejadiliwa na wahudumu. Lugha iwe ile inayosemwa kituoni. Kama ni Sheng, iwe Sheng, kama ni Kisukuma, watafute anayekijua. Kuhusu gharama, kwenye Sh50 milioni hazikosekani laki tano za mtafsiri.

Mtu wa Takwimu

Wanaopata hiyo Sh50 milioni wanahesabika kwa vidole. Waliobaki wanachapisha kwa mfuko wao ili wapande cheo, nao wasipoleta karatasi yako wanabaki na cheo kilekile. Hao laki tano utawapa wewe?

Muuguzi wa Kliniki ya Akili

Mimi nitawatafsiria bure, Jumamosi, nikiwa sina zamu. Masharti ni mawili tu: jina langu liwemo kwenye makala, na swali la tisa tuliandike upya pamoja kabla hamjaanza kukusanya.