Tuni iliyo tayari au ya kupimiwa? Forester XT 2.5 turbo

Gia5 ameandika:

Wakuu, salaam.

Gari ni Subaru Forester XT, injini EJ255, gia za mkono. Turbo, nozeli, intakula (kipoza hewa ya turbo) na pampu ya mafuta ni vya kiwandani. Vilivyobadilishwa ni viwili tu: egzosi kuanzia nyuma ya masega (kisafisha moshi), na boksi la filta ya hewa limetolewa, pamewekwa bomba pana lenye filta ya koni. Mafuta ni RON 95 (kipimo cha oktani) wakati wote.

Najikuta njia panda. Kuna faili la tuni (programu ya kompyuta ya injini) la steji 1, yaani hatua ya kwanza ya kuongeza nguvu, lililo tayari, limeandikwa "91", linauzwa kwa Forester zote za injini hii. Halafu kuna tuni ya kupimiwa: fundi anatumiwa logi (rekodi ya vipimo vya injini gari likiendeshwa), anarekebisha faili, anarudisha, hivyo hivyo hadi ikae sawa. Hii ya pili inazidi bei ya kwanza zaidi ya mara mbili. Sina habari na mashindano, nataka gari livute vizuri na injini idumu.

Je, tofauti ni ya kweli au ni biashara tu? Faili ni la 91 na mimi naweka 95, si niko salama kabisa? Na kipi kifanyike kabla ya kugusa kompyuta?

Natanguliza shukrani.

Bokseri:

Mkuu, hiyo "91" ndiyo imeua pistoni nyingi. Faili likiwa limeandikwa kwa soko la Marekani, 91 ni AKI, yaani wastani wa RON na MON (kipimo kingine cha oktani, kikali zaidi). Si RON. AKI 91 ni sawa na RON 95 au 96 hivi, na AKI 93 inakaribia RON 98. Kwa hiyo hauko juu ya faili kwa namba nne. Uko mpakani, pengine chini yake kidogo. Muulize muuzaji swali moja tu: hiyo namba ni RON au AKI? Akishindwa kujibu, usinunue.

Wauzaji makini huwa na faili la mafuta hafifu zaidi. Utapoteza nguvu kidogo, lakini EJ255 haina mzaha na kunoki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda). Pistoni zake za kiwandani hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi, na silinda ya 4 ndiyo inayosifika kwa ubaya huo.

LogiKwanza:

Bokseri kamaliza ya mafuta. Mimi naona tatizo kubwa zaidi ni hilo bomba la filta.

Sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) haijui bomba lako lina upana gani. Inatoa volti tu kulingana na hewa inayopita pale ilipochomekwa, halafu kompyuta inaangalia jedwali lake: volti kadhaa ni gramu kadhaa za hewa kwa sekunde. Jedwali hilo limetengenezwa kwa bomba la kiwandani. Ukipanua bomba, hewa ileile inapita taratibu zaidi, sensa inasoma pungufu.

Piga hesabu. Tuseme kipenyo kimetoka mm 65 hadi mm 70. Eneo limeongezeka kwa 16%, sensa inasoma pungufu kwa karibu 14%. Tuni imepanga uwiano wa hewa na mafuta uwe 11.3 ukikanyaga mpaka chini. Bila marekebisho unaweza kuishia 13.1. Kwenye busti kamili (shinikizo la hewa ya turbo) hiyo ni njaa ya mafuta, joto linapanda, injini inaanza kunoki. Ukiendesha taratibu hutaona kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni inasahihisha. Ukikanyaga, kompyuta inaacha kuisikiliza na kubaki na kile ilichojifunza awali, ambacho huziba sehemu tu ya pengo.

Faili lililo tayari linafanya kazi pale tu vipuri vyako vinapolingana na orodha ya aliyeliandika, bomba la hewa likiwamo kwa jina na modeli. Kama bomba lako halimo, hilo faili si la gari lako hata kama injini ni ileile.

Gia5:

Duh. Kwa hiyo nikirudisha boksi la kiwandani, faili lililo tayari linakubalika?

LogiKwanza:

Ndiyo, ukichagua la mafuta sahihi. Egzosi ya nyuma ya masega haisumbui steji 1. Kinachobadilisha mambo ni bomba linalotoka kwenye turbo kabla ya masega. Ukilipanua hilo, turbo inajaa mapema na busti inaweza kupita kiwango. Hapo steji 1 haifai tena.

Nozeli_Nne:

Mimi siafikiani sana na kurudisha boksi halafu kununua faili la watu wote. Injini hizi zina umri sasa. Nozeli moja ikiwa imeziba nusu, faili lililo tayari halina njia ya kuliona hilo, fundi anayesoma logi atahisi. Pia kama unaishi kwenye mwinuko mkubwa, hesabu inabadilika. Usawa wa bahari hewa ina shinikizo la kPa 101. Kwenye mita 1,700 ni kama 82. Turbo ikidaiwa kPa 200 kwa jumla (pamoja na shinikizo la hewa ya nje), chini inazidisha hewa mara 2, huko juu karibu mara 2.4. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Turbo ndogo kama ya Forester inachoka mapema.

LogiKwanza:

Nozeli iliyoziba inasafishwa au inabadilishwa, mkuu. Haitibiwi kwa tuni. Fundi akiongeza mafuta ili kuficha nozeli moja mbovu, zile tatu nzima zinazidishiwa. Kwenye mwinuko nakubaliana nawe.

Bokseri:

Ngoja tumalizie swali lake la tatu, maana hapo ndipo fedha huokolewa.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zimetolewa, mafuta na moto vimekatwa, akseleta imekanyagwa mpaka chini. Piga stata hadi geji iache kupanda. Silinda zisipishane zaidi ya 10%. Ile mbinu ya kumimina oili kidogo kisha kupima tena ili kujua kama ni ringi, kwenye injini hii ya kulala isikudanganye: oili inatuama upande wa chini wa silinda, haizunguki ringi yote. Kipimo cha uvujaji kwa hewa ya kompresa ndicho kinachosema ukweli. Ukisikia hewa ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Ikitoka egzosi, ni valvu.

Halafu tafuta uvujaji wa mipira kati ya turbo, intakula na manifoldi. Hewa inayotoroka baada ya MAF ilishahesabiwa, kwa hiyo mafuta yanazidi na gari linatoa moshi mweusi ukikanyaga. Plagi mpya, mwanya karibu mm 0.7, ukiwa mpana, busti inazima cheche. Klachi nayo iangalie. Steji 1 huwa inaianika klachi iliyochoka wiki ya kwanza tu: mshale wa mizunguko unapanda, gari haliendi.

Gia5:

Nimekupata. Na nikichagua ya kupimiwa, logi yenyewe inachukuliwaje?

LogiKwanza:

Injini iwe imepata joto kamili, barabara tupu na iliyonyooka au uwanja uliofungwa, gia ya tatu. Anza mizunguko 2,500, kanyaga mpaka chini kwa mkupuo mmoja, achia karibu na 6,500. Rekodi mizunguko, akseleta, volti za MAF na gramu zake, busti, tanguli la moto wa plagi (digrii ambazo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu), masahihisho ya kunoki, joto la hewa inayoingia, na muda wa nozeli kuwa wazi. Nozeli zikipita 85% mwambie fundi, zinakaribia mwisho.

Uwiano wa mafuta upime kwa sensa ya ziada iliyofungwa baada ya turbo. Ile ya mbele ya kiwandani haisomi chini ya 11.1 hivi, kwa hiyo pale unapotaka kujua kama ni 10.8 au 11.1 inakuonyesha namba moja tu.

Namba za kunoki ndizo watu huzisoma vibaya. Kompyuta ya Subaru inarudisha tanguli kwa hatua za digrii 1.4. Hatua moja inayotokea mara moja, hasa ukiachia akseleta, mara nyingi ni kelele tu. Ikirudi -2.8 au zaidi kwenye mizunguko ileile, safari mbili mfululizo, acha kukanyaga na tuma logi. Kile kizidisho cha tanguli (namba inayoonyesha kompyuta inaruhusu tanguli kiasi gani) kikishuka chini ya 1, ambayo ndiyo kamili (kompyuta za zamani kamili ni 16), usisubiri safari ya pili.

Tegemea mafaili manne hadi nane ya kwenda na kurudi. Fundi anayetuma moja tu na kusema imekwisha amekuuzia faili lililo tayari kwa bei ya kupimiwa.

MamaTurbo:

Daino (mashine ya kupimia nguvu za gari) je? Mbona hamjaitaja?

Nozeli_Nne:

Nzuri kwa kushikilia mzigo sehemu moja na kupanga jedwali hatua kwa hatua. Ubaya wake ni feni. Intakula ya Forester iko juu ya injini, inategemea upepo wa kwenye boneti, na feni nyingi za daino hazifikii upepo wa barabarani. Hewa inapata moto na fundi anapunguza tanguli bila sababu. Baada ya daino bado piga logi ya barabarani. Na usilinganishe farasi za daino mbili tofauti, utagombana na watu bure.

Gia5:

Wakuu, nimeelewa. Narudisha boksi la kiwandani, napima kompresheni na uvujaji, kisha nachukua faili la mafuta hafifu na kupiga logi. Namba zikikataa, nahamia ya kupimiwa. Kuna la kuangalia wakati wa kuingiza faili?

Bokseri:

Soma faili la kiwandani kwanza, litunze sehemu mbili. Unganisha chaja, betri isishuke chini ya volti 12.5, zima feni ya kiyoyozi, redio na taa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa.

Kama Forester yako ni ya toleo la zamani, kuna soketi mbili za kijani chini ya dashibodi upande wa dereva, zinaunganishwa ili kompyuta ikubali kuandikwa. Ukimaliza zitenganishe. Ukiwasha gari ukaona taa ya injini inapepesa na feni za rejeta zinawaka na kuzima zenyewe, usianze kumlaumu aliyeandika faili. Umezisahau.