Eti "kodi ilipwe na tarehe 5"! Huyu wa mabango atatuua

Omena Kavu (Kondele, Kisumu): Mnamjua, sina haja ya kumtaja, huyu anayetutafsiria matangazo ya ploti kutoka Kiingereza. Leo asubuhi amebandika lingine getini, herufi kubwa kama za tangazo la mazishi: KODI ILIPWE NA TAREHE 5. Na tarehe 5! Basi tukae, Tarehe 5 aje na pochi lake alipie ploti nzima, maji na takataka juu. Akaambiwa polepole kwamba "by" ya "rent to be paid by 5th" hapo si "na". Akajibu mbele ya wapangaji wote, ndoo mkononi: "Nyinyi wa huku Kiswahili mlikiokota stendi." STENDI!

"By" ikimtaja mtendaji, sawa, ni "na": kodi ililipwa na mpangaji. Ikiweka mwisho wa muda ni "kufikia": ilipwe kufikia tarehe 5, na siku hiyo yenyewe imo. Usiweke "hadi", hiyo ni "until", utadhani tunalipa kila siku mpaka tarehe 5. Njia ni "kwa": kwa matatu, kwa simu. Mahali ni "kando ya": kando ya ziwa. Aliye "by himself" yuko peke yake. Lakini tarehe ilipe kodi, halafu mimi ndiye wa stendi?

Jirani Manyatta: Kodi yenyewe umelipa?

Omena Kavu: Muulize Tarehe 5.

Mama Mboga: Hapo hamjaona kitu. Si ni yeye aliyeandika "kodi imepanda hadi 500", kumbe ilikuwa "by 500"? Watu walileta mia tano wakicheka. "Kwa 500" ni nyongeza, chumba cha 4,000 kinakuwa 4,500. "Hadi 500" ni pale bei inapoishia.

Mzee wa Bondeni: Wenu ana nafuu. Wa kwetu Nakuru, kila "on" ni "juu ya". "Mkutano juu ya Jumamosi"! Siku haitaki kihusishi, sema mkutano Jumamosi, basi. Kisha akaleta "mkutano juu ya maji".

Jirani Manyatta: Huo huku tungeenda kwa mashua.

Mama Mboga: Omera, huo uko sawa, ni kuhusu maji. Na wengine husema "nimechelewa juu ya mvua", yaani kwa sababu ya mvua.

Mzee wa Bondeni: Anayechelewa juu ya mvua ni rubani.

Omena Kavu: Jamani, turudi kwenye uzi. Ameniambia STENDI. Mbele ya ndoo!

Kijana wa Mbale: Stendi gani? Za Kakamega siku hizi zinapakia upande upi?

Mama Mboga: Uliza makanga. Nani ana turubai ya 3 kwa 4?

Mzee wa Bondeni: Mita au futi?

Mama Mboga: Futi.

Mzee wa Bondeni: Hiyo ni leso, mama.