Wachungaji tupeane uzoefu: siku ulipofungua Biblia ukakosa la kumwambia mtu

Mwanzisha mada: Shalom watumishi. Jumamosi usiku nilikuwa naandaa somo la nabii Eliya chini ya mretemu, kile kichaka cha jangwani, 1 Wafalme 19. Nilipofika anaposema "Yatosha", akimwomba Mungu afe, kalamu ikagoma. Wiki hiyo nilikuwa nimezika mara mbili, na asubuhi mshirika aliniuliza kwa nini Mungu hamjibu, nikamwambia "tuombe tu" kwa sababu sikuwa na kingine. Nani amepita hapa? Mlitokaje?

Mchungaji kijana: Tuko wengi mtumishi.

Mchungaji mstaafu: Umenigusa penye kidonda. Sikuwa na miezi mingi tangu niwekewe mikono kuwa mchungaji. Usiku nikaitwa hospitali, mshirika wetu kajifungua mtoto asiye na uhai. Njia nzima nilikuwa napanga mistari kichwani kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Nikaingia, nikafungua Warumi 8:28, "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema". Yule mama hakupaza sauti. Alifunua nguo, nikauona uso wa mtoto, akasema, "Mchungaji, nionyeshe hilo jema." Mikono ikaanza kutetemeka. Nikafunga Biblia. Mumewe akanisogezea kiti, tukakaa watatu mpaka kukapambazuka, sikutamka neno. Siku ya mazishi nikasoma Zaburi 88, ile inayoishia gizani bila kupata nafuu. Baada ya siku kadhaa akanitumia ujumbe: ile zaburi ilikuwa ya ngapi? Ndipo nikarudi Warumi 8 nikaona nilichoruka, mistari miwili tu juu yake: "hatujui kuomba jinsi itupasavyo", na Roho hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi sana.

Mama mchungaji: Nimelia. Bwana akutunze, baba.

Mwalimu wa Neno: Pole sana mtumishi. Ila tusifike mahali tukalionea haya Neno. 8:28 ni kweli hata wodini.

Mchungaji kijana: Nani kasema si kweli? Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, kimya. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Na mengi waliyosema ukiyasoma peke yake ni mahubiri mazuri kabisa, lakini mwishoni Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Mwalimu wa Neno: Paulo naye aliwaandikia watu wa mateso. Ukiwanyima kweli, utawafariji kwa nini?

Mchungaji kijana: Sijawanyima, mwalimu. Nasema kiti kwanza.

Mama mchungaji: Turudi kwa Eliya jamani, mwenye mada anaumwa na uchovu. Malaika hakumhubiria. Alimwambia "Inuka, ule", akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Mtumishi, umelala lini vizuri? Kwangu Jumatatu simu ya mchungaji naishika mimi.

Mzee wa kanisa: Mama, na aliye kufani akipiga Jumatatu? Yule mchungaji wa Luka 15 aliacha 99 akamfuata mmoja.

Mama mchungaji: Akipiga napokea mimi, kisha wazee mnakwenda. Soma Kutoka 18, Yethro alimwambia mkwewe Musa, aliyekuwa akiwaamua watu peke yake, jambo hilo si jema, utadhoofika wewe na watu hawa pia. Mmewekwa kwa kazi gani?

Mzee wa kanisa: Hapo nimekusikia.

Mchungaji wa kijijini: Mimi somo namaliza Alhamisi. Jumamosi usiku ni ya kulala.

Mchungaji mstaafu: Mimi langu lilikuwa likija Jumapili alfajiri, hata nijitahidi vipi.

Mtoto wa mchungaji: Nimesoma kimya hadi hapa. Baba alikuwa akiamka saa 10 usiku anaomba, anataja washirika jina kwa jina. Jina langu alilitaja la mwisho. Nilikuwa najizuia usingizi mpaka lifike.

Mwanzisha mada: Asanteni, nimeyachukua yote. Mzee wangu, nina mazishi mengine keshokutwa, ya kijana. Ile zaburi uliisoma nzima kweli? Hata mstari wa mwisho?

Mchungaji mstaafu: Nzima, hadi "nao wanijuao wamo gizani". Nikafunga. Tukanyamaza kidogo, halafu bibi yake mtoto akaanzisha wimbo.