Mrejesho: Kuchomoa bibo kwenye picha na kuligeuza vekta

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kutoa bibo na korosho yake kwenye picha ya JPEG, viwe vekta (mchoro wa mistari usioharibika ukikuzwa) ya kuweka kwenye bango la kikundi cha wabanguaji hapa Masasi. Asanteni sana mlionijibu, mmenifaa kweli.

Nilianza na GIMP, programu ya kuhariri picha, kama mlivyoshauri: nikakata kipande ninachokitaka tu, nikakigeuza cheusi na cheupe, nikaongeza kontrasti. Kisha nikakifungua kwenye Inkscape, programu ya kuchora vekta, menyu ya Path, nikachagua "Trace Bitmap", inayofuatisha picha na kuigeuza vekta. Korosho imetoka safi mno! Ule mbonyeo wa tumboni unabaki laini hata ukiikuza ijae skrini nzima. Atakayejaribu ajue kwamba vekta mpya hukaa juu ya picha ya zamani palepale, kwa hiyo isogeze pembeni kwanza ndipo ufute picha.

Bibo ndilo lililogoma. Rangi yake inahama taratibu kutoka njano hadi nyekundu, programu ikalikatakata vipande vidogovidogo tele. Nikabonyeza Ctrl+L kupunguza nodi (vile vidoti vinavyoshika mstari), umbo likaharibika. Aliyesema nilichore kwa kalamu ya Bezier (ya kuchora mistari iliyopinda kwa mkono) alikuwa sahihi: nodi chache, nikajaza gradienti, yaani rangi inayohama taratibu, limependeza. Kwa umbo jepesi hivi, naona kuchora kunashinda.

Maandishi madogo chini ya picha hayakusomeka kabisa, nimeyaandika upya. Fundi wa kuchapa alitaka PDF, nikamtolea humohumo Inkscape, na bango limechapika bila ukungu kwenye kingo.