Naomba ushauri: kukimbia, baiskeli na kayaki kwa siku moja, Pemba

Asalaam aleikum ndugu zangu. Wale wa mashindano ya Coast to Coast ya New Zealand, wanaovuka kilomita 243 kwa kukimbia, baiskeli na kayaki, wametutia hamu. Sisi vijana wa Wete tunataka yetu ndogo: mbio kutoka Vumawimbi kupitia msitu wa Ngezi hadi Konde, baiskeli Konde mpaka Wete, kisha kayaki hadi kisiwa cha Fundo na kurudi.

Mbio hazinitishi, na vilima vya Pemba miguu imeshavizoea. Bahari ndiyo shughuli. Kafi la kayaki lina bapa huku na huku, si kama la mtumbwi. Ukipiga kidogo tu mabega yanawaka, na maji yanakuchuruzikia mikononi mpaka mapajani. Halafu upepo wa kusi ukivuma na maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa sana) yanatoka, chombo kinageuka pua chenyewe.

Mnaojua, tungoje maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo? Au kayaki tuitangulize alfajiri kabla ya upepo, hata kama tutapanda baiskeli na nguo za chumvi (hizo zinavyochuna, acha tu)? Na majaketi ya kujiokolea ya kukodi yapo hapa Pemba, au mpaka Unguja?