Tabopropu au jeti kwanza? Baba yuko tayari kuuza shamba la Ahero

Nyamasaria_Hewani
Hamjambo wadau. Mimi ni kijana wa Kisumu, leseni ya urubani wa biashara ninayo tangu mwaka jana, saa 230 za kuruka kitabuni. Milango miwili imefunguka na yote bawaba zake mbovu. Kuna kampuni ndogo pale uwanja wa Wilson, Nairobi, inayonitaka nikae kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan, ile tabopropu ndogo ambayo injini yake moja huzungusha rafadha (mapanga ya mbele), mshahara wa unga na nauli. Au nilipie mwenyewe taipu (mafunzo na kibali cha kurusha aina moja ya ndege) ya jeti ya Boeing 737 nje ya nchi, kisha niwekwe kwenye orodha ya kusubiri kuitwa. Pesa sina. Baba anasema atauza ekari zake za mpunga Ahero. Binamu yangu naye ananiambia ukianza na rafadha utazeekea kwenye rafadha. Kuna ukweli?

Kibos_Road
Omera, uza shamba! Mpunga hauruki. Jeti ndiyo habari ya mjini.

Kapteni_Mstaafu
Kijana wangu, binamu yako hurusha nini? Mimi nilikaa kwenye rafadha miaka kumi na mmoja, kisha jeti hadi nikastaafu, na kazi niliijulia kwenye rafadha.

Ndege ya rafadha haikuachi usinzie. Ukiongeza nguvu, pua inavutwa upande na mguu wako lazima ujibu. Ukipunguza, mapanga yanalala bapa usoni pa upepo na ndege inafunga breki kama matatu iliyoona abiria. Kwenye ya injini mbili, moja ikizima na panga lake lisigeuzwe makali kuukata upepo, linaburuta ndege upande huo, na una sekunde chache za kukumbuka ni mguu upi. Hayo ukiyazoea mwilini hayatoki.

Jeti ina shida yake: huteleza. Piga hesabu. Nairobi hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka ni kama maili 150 za angani. Ukiwa futi 30,000, na uwanja wetu uko karibu futi 3,800, unahitaji maili kama 80 za kushuka, kwa ile hesabu ya maili tatu kwa kila futi 1,000. Hujamaliza kupanda, tayari unawaza kushuka! Ukichelewa uko juu, una mbio, na hakuna panga la kukushika shati. Na ukizishusha injini mno ukiwa karibu na ardhi, huchukua sekunde kadhaa kurudi na nguvu. Kwenye rafadha upepo wa mapanga unalipiga bawa papo hapo.

Ndiyo maana kwa safari kama hii tabopropu ya Dash 8 huachwa na jeti ya Embraer kwa dakika chache tu, na mafuta imekunywa machache.

Dada_wa_Milimani
Kapteni, heshima yako, lakini hapo umependelea. Mimi niliingia jeti na saa chini ya 300, na niko hapa. Kilichonijenga si mguu, ni kufanya kazi wawili: huyu anarusha, yule anasoma orodha ya ukaguzi, anashika redio, anasema kwa sauti akiona kosa hata kama aliyekosea ni kapteni. Kwenye ndege ndogo mara nyingi aliyekaa kushoto, yaani kapteni, ni mfalme. Mwambie wingu lile ni baya uone atakavyokutazama. Pia huko juu hewa ni nyembamba, nafasi kati ya mwendo mdogo mno na mkubwa mno inabana, na hilo Caravan haitakufunza.

Lakini mdogo wangu, soma hapa mara mbili. Taipu yangu ililipiwa na mwajiri, nikafungwa kwa mkataba wa miaka. Kulipa mwenyewe ili uwekwe kwenye orodha ni jambo lingine kabisa. Taipu haikai kabatini kama cheti cha kidato cha nne. Lazima upimwe tena mara kwa mara, na usiporuka, unarudi simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, kwa pesa yako. Rafiki yangu alilipa hivyo mwishoni mwa 2019. Machi 2020 ndege zikasimama. Safari za ndani ziliporudi Julai, waliotafutwa ni wenye saa. Yeye sasa anauza vipuri vya magari, na anauza vizuri, lakini si alichokwenda kusomea.

Abiria_wa_Kericho
Swali la mshamba: jeti si hupita juu ya mvua? Mimi nikija na Dash alasiri hutikiswa hadi maji yanamwagika.

Kapteni_Mstaafu
Alasiri upepo wa ziwa hupanda nchi kavu, ukigonga miinuko ya Nandi na Kericho unasukumwa juu, ndiyo ile mvua ya mawe inayochanachana majani chai yenu. Vilele vya mawingu hayo vinaweza kupita futi 45,000. Embraer 190 mwisho wake ni 41,000. Wote tunazunguka kwa rada, hakuna wa kuruka juu. Ila rafadha hukaa futi 20,000 hivi, kwa hiyo mtikiso unaula mwingi zaidi. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kila upande, unakutana katikati ya ziwa. Waulize wavuvi wa Dunga.

Lodwar_Asubuhi
Kuna jambo hamjamwambia. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukikaa kulia, kanuni za ICAO, shirika la usafiri wa anga la dunia, zinaruhusu saa zako za usaidizi zihesabiwe si zaidi ya nusu unapoomba leseni ya juu, ile ya saa 1,500. Mimi niliyajua hayo nikiwa tayari nimeruka 600. Nililia.

Kwa hiyo usiwaulize mshahara kwanza. Uliza utahamia kushoto lini, na wakuandikie. Nilipohamia kushoto ndipo nikawa rubani: kiwanja cha changarawe, mbuzi katikati, upepo wa mgongoni, na hakuna wa kumgeukia. Tena, Caravan iliyojaa ni tani 4 hivi, na waajiri wengi wa jeti hutaka saa za ndege nzito zaidi. Dash 8-400 ni tani 29 na marubani wawili. Hiyo ndiyo ngazi yako, si 737 ya kwenye karatasi.

Fundi_Lanet
Nasoma kutoka Nakuru nacheka. Mnaongea kana kwamba tabopropu si jeti. Moto ni uleule, ila karibu nguvu yote inaelekezwa kuzungusha rafadha. Cha kumwonya kijana ni kuwasha. Kwenye jeti za kisasa kompyuta husimamia. Kwenye Caravan, betri ikiwa dhaifu na jicho lako halipo kwenye kipimajoto, sekunde chache tu umeunguza injini. Hiyo hata ekari za Ahero huenda zisiilipe.

Nyamasaria_Hewani
Asanteni sana. Nimempigia baba, amesema mpunga umeshapandwa, hata kama ningetaka ingekuwa hadi mavuno. Nilisikia kama amepumua. Jumatatu naenda Wilson na maswali mawili: kushoto lini, na saa zangu KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, watazihesabu vipi. Kapteni, kwenye Dash huwa wanachukua mtu mwenye saa ngapi za kuruka?

Kibos_Road
Kwa hiyo shamba haliuzwi? Nilikuwa na mnunuzi.