Anthrasini kwenye maji: majibu yanarukaruka, msaada wakuu

Mtoto_wa_Maabara
Wakuu habari za jioni. Projekti yangu ni kupima anthrasini (kemikali ya unga inayopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe) inayeyuka kiasi gani kwenye maji, natia unga kwenye chupa, natikisa usiku kucha, nachuja, napima. Vitabu vinasema kama maikrogramu 45 kwa lita kwenye nyuzi 25, mimi mara napata zaidi ya mara mbili yake mara nusu, na maji ni yale yale. Mashine au?

Chupa Tupu
Mashine haina kosa mkuu. Ukitikisa sana unga unasagika unakuwa vumbi laini linaelea, linapita kwenye chujio, unalihesabu na lenyewe wakati halijayeyuka, hapo ndo inapanda. Ikishuka ujue nyingine imenasa kwenye chujio na kuta za chupa. Plastiki usiiguse kabisa, tumia kioo, na yale maji ya kwanza kutoka kwenye chujio mwaga.

mzee wa kolamu
Hiyo chupa achana nayo tu. Mwongozo wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi) namba 105, wa kupima vitu vinavyoyeyuka kwenye maji, uko wazi, njia ya chupa ni ya vitu vinavyozidi miligramu 10 kwa lita, naftalini sawa maana inafika kama 31, ila anthrasini chini huko ni kolamu, yaani bomba jembamba la kupitishia maji. Chukua shanga ndogo za kioo, zipake anthrasini uliyoiyeyusha kwenye diklorometheni, acha ikauke kabisa, shindilia kwenye kolamu halafu sukuma maji taratiibu. Yanatoka yameshiba bila vumbi. Badilisha spidi ya maji, namba ikigoma kubadilika basi hiyo ndo yenyewe. Wamarekani wa National Bureau of Standards walishaipima hivi tangu 1978.

Mtoto_wa_Maabara
Shukrani mzee. Pampu ya HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa kusukuma kimiminika kwa shinikizo) itafaa? Na mbona fenanthrini, ndugu yake anthrasini, ni C14H10 hiyo hiyo ila inapita miligramu 1 kwa lita?

mzee wa kolamu
Inafaa sana. Fenanthrini fuwele zake ni legelege, inayeyuka kwa moto kwenye nyuzi kama 100 tu, anthrasini mpaka 216 huko, imeshikana kwelikweli, maji yanahangaika kuing'oa molekuli moja moja. Kolamu iweke kwenye maji ya joto lisilobadilika, na uifunike foili, mwanga unaila anthrasini.

Chupa Tupu
Foili muhimu, na chupa za sampuli ziwe za kahawia.